Maji Hayafunguliwi Kama Mlango

Umm Salal,
Doha, Qatar.
Ijumaa, 3 Oktoba 2025.

Mpendwa Senje Virginia,

Nakusalimu kwanza kama mtoto wa kaka yako, na pili kama mama yako, maana tangu nilipopewa jina la Kukhu Jerusha, bibi yangu aliyekuzaa, hujawahi kuniita kwa jina lingine ila Mama. Hujambo, mwanangu? Goti la kushoto linasemaje sasa baridi inapoanza kuuma? Na hospitalini, bado wanakupanga zamu wiki mbili mfululizo bila kupumua? Bradley wako naye nasikia amekuwa mrefu kuliko mlango wa jikoni. Mwambie apumzike kukua kidogo, angalau hadi nije nimwone.

Mimi sijambo kabisa. Joto limeanza kulegea; juzi asubuhi nilitembea hadi kituo cha basi bila kujuta. Kazi ni ile ile. Nakaa katika ofisi ndogo karibu na geti la mtaa wetu, nyumba arobaini ndani ya ukuta mmoja, napokea simu za watu ambao mabomba yao yanavuja na viyoyozi vyao vinalia. Ulipata kuniuliza kama shahada ya uhandisi wa maji ilikuwa ya kupokelea simu. Kuna siku moja tu niliyoitumia, Senje, na siku hiyo ndiyo sababu ya barua hii.

Utaletewa na Carolyne, rafiki yangu muuguzi, anayehamia huko Kanada Jumanne. Ameniahidi kuifikisha mkononi mwako wiki hiyo hiyo. Ningeweza kukupigia, lakini kwenye simu huwa unanimalizia sentensi, na leo nina sentensi ambazo lazima nizimalize mwenyewe.

Jambo lenyewe ni hili. Jumamosi ya tarehe 18 usiufumue ule ukuta wa biva, wale wanyama wa kijito cha nyuma yenu. Nimeliweka hapa juu ili hata ukichoka kusoma uwe umelipata.

Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza mara nne. Umesema maji yamefika kwenye uzio wa nyuma, pampu ya chumba cha chini ya nyumba inanguruma wiki nzima, na mkutano wa wakazi umekaa mara tatu bila kuamua. Nusu wanataka aitwe mtu wa mitego awamalize biva wote, nusu wanataka waachwe kwa sababu watoto wanawapenda, na wewe mwenyekiti umechoshwa na nusu zote mbili. Kwa hiyo umenunua uma mbili za bustani na viatu virefu vya mpira, na siku majirani watakapokuwa kwenye mechi ya watoto wao, wewe na Bradley mtaingia kijitoni. "Nitafungua mara moja, maji yaende zake, khalas." Hata hilo neno khalas, la Kiarabu cha huku, umelitoa kwangu. Niliposikia ukisema "nitafungua", nilitafuta kiti nikakaa.

Kabla sijafika huko, nikuchekeshe. Siku ile ulipoandika kwenye kundi la familia kwamba panya wakubwa wa maji wamejenga bwawa nyuma ya nyumba yako, Baba alivaa koti akaenda kwa Silvesta, yule anayeuza dawa za mifugo sokoni, akauliza ni sumu gani ya panya inayoweza kusafiri hadi Kanada. Silvesta akataka kujua panya wenyewe ni wa ukubwa gani. Baba akamwambia, "Dada yangu hana tabia ya kutia chumvi. Akisema wakubwa, ni wakubwa." Alirudi na pakiti mbili, pamoja na ushauri kwamba ufuge paka, tena dume.

Ilibidi nimpigie. Nikamweleza kwamba mnyama huyo anaitwa biva, ana uzito wa mtoto wa darasa la nne, meno yake yana rangi ya chungwa na mkia wake ni bapa kama mwiko wa ugali. Anaangusha mti kwa meno, anaukokota hadi majini, anaupanga juu ya wenzake na kuziba nyufa kwa matope. Baba akasema, "Basi huyo si panya, ni fundi. Virginia anagombania nini na fundi? Si wakae chini waelewane."

Nilicheka, lakini neno hilo halikuniondoka. Tangu hapo, kila nikipata nafasi ya chakula cha mchana, nasoma habari za biva. Kinachomsukuma kujenga, kumbe, ni mlio wa maji yanayokimbia. Akiusikia tu, anatoka kwenda kuziba. Kwa hiyo ukiufumua ukuta wake Jumamosi utakuwa umempigia kengele ya kazi, na baada ya siku mbili tatu utaukuta umesimama tena, na mti mwingine wa jirani umelala. Hilo ni dogo. Kubwa ni maji yenyewe, yale yaliyojikusanya tangu Julai. Ukiyaachilia yote kwa mara moja, yanakwenda kwa nani?

Sasa nikueleze nilichokuficha tangu Februari.

Hapa mvua huja siku chache tu kwa mwaka, na ikija kwa nguvu barabara hugeuka mabwawa, malori ya kufyonza maji yakiitwa kila upande. Mtaa wetu umeinamia nyuma. Mbele kuna nyumba kubwa na maegesho ya magari. Nyuma, chini ya tangi la maji, kuna vyumba vya madereva na vya akina dada wanaolea watoto wa nyumba hizo. Msimu wa mvua ukikaribia, walinzi hupanga magunia ya mchanga katikati, ili maji ya mbele yabaki mbele mpaka lori lije.

Siku ile maji ya mbele yalifika magotini. Simu yangu haikupoa. Wa namba tatu alikuwa na ndege ya kuwahi, wa namba kumi na moja alikuwa na mtoto wa kupeleka shule, na dereva wa lori alisema tumngoje saa tatu nzima. Nikatazama dirishani. Nikaona magunia, nikaona mteremko, nikaukumbuka mtaro wa nyuma, na kichwani nikapiga hesabu niliyofundishwa. Mtaro ungeweza kuyachukua maji yale. Hesabu ilikuwa sahihi, Senje. Ila sikuwa nimekwenda kuutazama mtaro wenyewe. Ulikuwa umejaa mchanga wa upepo wa mwaka mzima.

Nikachukua redio ya mkononi nikamwita Laban. Laban ni mlinzi, mtu wa Budalang'i, amekulia kando ya Nzoia, kule ambako mto ukivunja tuta watu wanahamia madarasani na mbuzi wao.

"Laban, ondoa magunia. Fungua maji."

"Yote, madam?"

"Yote."

"Tuanze na mawili, tuone yanavyokwenda?"

"Laban, watu wanangoja."

Redio ikakwaruza. Kisha akasema, bila haraka, "Madam, maji hayafunguliwi kama mlango."

Nilimjibu kwa sauti ambayo sikujua kuwa ninayo. "Wewe ni mlinzi ama ni injinia?"

"Mimi ni mlinzi, madam," akasema. Akafungua.

Mbele palikauka kwa dakika kumi. Wa namba tatu akaiwahi ndege yake, hata alinitumia ujumbe wa shukrani. Nyuma, maji yaliingia vyumba vitano. Terry, ambaye analea watoto wa namba tisa, alikuwa na katoni mbili sakafuni alizokwisha kuzifunga za kutuma nyumbani kwa binti yake. Zilikuwa na sare za shule, viatu, na daftari alilokuwa akimwandikia kidogo kidogo kwa miaka minne, ili akikua ajue mama yake alikuwa wapi. Nilipofika alikuwa amesimama mlangoni, gauni amelifunga magotini. "Nguo zimefuliwa bure," aliwaambia wenzake, "bado pasi tu." Wakacheka. Daftari hakulitaja. Niliambiwa siku nyingine, na mtu mwingine, kwamba halikubaki hata na neno moja la kusomeka.

Mudiri wetu, yaani meneja, alitaka taarifa kabla ya jioni. Niliandika: "Magunia yaliondolewa na mlinzi wa zamu." Itazame sentensi hiyo, Senje. Haina neno hata moja la uongo. Nimeisoma kwa miezi minane nikitafuta uongo uko wapi, na ndani haumo. Umekaa nje yake, mahali ambapo jina langu lingekuwa.

Laban alihamishiwa hoteli moja ya West Bay, mjini, kuelekeza magari nje juani, na siku yake ya mapumziko ikatolewa Ijumaa ikawekwa Jumanne. Hapa Ijumaa ndiyo Jumapili yetu. Watu wa nyumbani tunakutana Mesaimeer, kwenye makanisa, na Laban ndiye aliyekuwa akishika besi katika kwaya yetu. Tangu Machi nyimbo zetu hazina sakafu. Wamemjaribu Ronny, lakini sauti ya Ronny ikishuka hukwama kwenye ngazi. Kila Ijumaa nimesimama na sauti ya pili nikisikia shimo lile nyuma yangu, naimba, najua nani alilichimba. Unajua nilivyo. Kitu kikiniingia sikisemi, nakizungukazunguka ndani kama mtu anayetafuta funguo gizani huku amezishika.

Ndipo ukaja ujumbe wako, na "nitafungua mara moja". Ilikuwa sauti yangu ya kwenye redio, Senje, ila mdomo ndio uliokuwa wako. Sisi watu wa ukoo huu tukiona maji yamesimama mikono inatuwasha. Kesho yake, Jumatatu, nilitoka kazini nikaenda West Bay.

Nilimkuta kwenye kivuli chembamba cha nguzo. Aliponiona hakuniita madam.

"Dada Jerusha, umekuja kwa jua hili bila mwavuli? Basi kuna aliyekufa."

"Hakuna. Nimekuja kusema ni mimi."

"Ni wewe nini?"

"Yale magunia."

Gari jeupe lilikuwa linarudi nyuma. Aliliongoza hadi likatulia, akalipiga kofi dogo mgongoni, ndipo akanirudia. "Hilo nilijua, dada. Nilikuwepo."

Nilicheka nikalia kwa pamoja, jambo baya kulifanya mbele ya mlango wa hoteli. Nikamwambia nitaandika taarifa nyingine. Akasema kwao wamehama mara tatu kwa ajili ya mto, kuhama anakujua, hakumtishi. "Lakini Ijumaa yangu," akasema, "hiyo nirudishie ukiweza."

Na kwa kuwa nilikuwa na wewe moyoni, nikamwuliza wao hufanyaje maji yakishajaa nyuma ya tuta. Alifikiri huku anapunga mkono kwa teksi. "Unayatolea njia ndogo, chini, mahali yasipopiga kelele. Na kabla ya hapo unakwenda kumwambia mtu wa chini."

Senje, niliyokuwa nimeyasoma kwa wiki mbili yalikuwa hayo hayo. Kuna njia wanayoitumia huko kwenu na imefanya kazi mahali pengi. Mnapitisha bomba pana katikati ya ukuta wa biva bila kuubomoa. Mdomo wa bomba unaingia mbali ndani ya bwawa, penye kina, ukizungushiwa kizimba cha waya ili biva asiufikie na takataka zisiuzibe. Maji yanaingia kimya kimya chini, hakuna mlio, fundi hashtuki. Urefu mtakaouwekea bomba ndio urefu ambao bwawa litakaa, na linashuka taratibu, siku baada ya siku. Kwenye kalvati ya barabara mnaweka uzio wa waya ili asiizibe. Miti mnayoipenda mnaivika wavu. Yote hayo yafanyike kabla maji hayajaganda, na kwa kibali cha manispaa, ambacho wewe mwenyewe uliniambia kinahitajika kisha ukajifanya umesahau.

Nimekuchorea mchoro kwenye karatasi ya mwisho. Vipimo ni vya kukisia, sijaliona bwawa. Safari hii sitaki kupiga hesabu ya mtaro nisioutazama. Mnahitaji mtu aliyewahi kuifanya kazi hii asimame pale pale. Lakini mchoro unatosha kwa mkutano. Waliowapenda biva watabaki nao, na waliotaka vyumba vikavu watavipata, na wewe utakuwa mwenyekiti wa kwanza wa mtaa huo kuwakalisha fundi na watu mezani, kama alivyoagiza kaka yako. Bradley na viatu vyake vya mpira asikose kazi. Avike miti wavu.

Nilitaka kuweka hapa ile methali ya haraka na baraka, nikakumbuka unavyoichukia.

Habari za huku zimalizike. Terry nilimwendea Jumatano. Alinisikiliza hadi mwisho akiwa amempakata mtoto wa watu, hakuniambia pole wala si kitu. Kisha akasema, "Niletee daftari. Lakini utaandika wewe. Mimi nitasema, wewe utaandika, mpaka tufike pale tulipokuwa." Nimelinunua, lenye jalada gumu. Tunaanza kesho alasiri.

Na jana, Alhamisi, nilimpelekea mudiri taarifa mpya. Inaanza na neno "Mimi". Aliisoma akavua miwani, akauliza kwa nini sasa, baada ya miezi yote hiyo. Nikasema, "Kwa sababu dada ya baba yangu anataka kubomoa bwawa." Aliniangalia kama mtu anayejiuliza kama joto kweli limepungua. Jibu lake nitapewa Jumapili. Labda nitabaki, labda nitapoteza kiti hiki na simu yake. Nimeandika pia kwamba Laban alinionya, na maneno aliyonionya nayo nimeyaweka kama alivyoyasema, pamoja na jibu langu, "wewe ni mlinzi ama ni injinia". Hilo lilikuwa gumu kuliandika kuliko mengine yote. Leo kanisani besi ilikuwa bado Ronny, lakini nimeimba bila kugeuka nyuma.

Usije ukadhani nakuandikia haya ili nikuonyeshe nimekuwa mtu mzuri. Nakuandikia kwa sababu nakujua. Wewe ndiye uliyenifundisha kuogelea, ukanifundisha kusoma saa, ukanipeleka chuo siku ya kwanza ukiwa umebeba godoro langu kichwani mbele ya wasichana wote. Sijawahi kukuona ukimdhuru mtu kwa kutaka. Na mimi sikutaka. Maji yakisimama mlangoni pako unayaona; ukiyafukuza, hujui yanakwenda kubisha kwa nani. Kwako ninamjua. Ni yule bibi wa Kiukreni unayenisimulia, anayekuletea kabichi, ambaye nyumba yake iko chini ya kalvati na ambaye miguu yake haimruhusu kukimbia.

Kwa hiyo naomba leo nilitumie jina hili ulilonipa heshima yake kwa miaka ishirini na saba. Kama mimi ni mama yako, basi mama yako anakukataza.

Nisalimie Bradley sana. Baba na Mama wanakusalimu, na Daisy mdogo wangu anasema umpigie picha biva akiwa anakula. Silvesta anauliza kama sumu ilifanya kazi. Sijapata moyo wa kumweleza. Laban, ambaye hamjuani, anamsalimu fundi.

Mungu aliyeyawekea maji mpaka wake akuwekee na wewe usingizi usio na pampu, na magoti yasiyouma, na majirani wanaokusikia.

Na zile uma mbili usizirudishe dukani. Mpelekee moja yule bibi wa kabichi, upate sababu ya kumbishia hodi kabla ya maji.

Wako akupendaye, anayekuomba kama mtoto na kukuagiza kama mzazi,

Jerusha
(Mama yako)